Dada, Sikulala

Runzewe,
Jumapili mchana.

Kwa dada yangu Kabula,

Shikamoo dada. Mimi mzima, kifua tu kinabana kidogo kwa vumbi la huku, si cha kukutia hofu. Goti lako lile lililovimba siku za msiba linaendeleaje? Ulilipaka nini? Watoto hawajambo? Nasikia mvua huko Mhunze ilinyesha mara moja ikakata. Sijui kama mmepanda pamba au bado mnangoja.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ninayo. Tangu nirudi kazini nimekupigia mara nne. Mara mbili ulipokea, na mara zote mbili ulisema, "Ongea na wenzako wa mgodini," ukakata. Sikulaumu. Lakini ninachotaka kukueleza ni kirefu, na nikikisema kwa mdomo nitakwama katikati. Nina sababu nyingine ya kutaka kikae kwenye karatasi, utaiona mbele. Anayekuletea ni Shija, dereva mwenzangu, anakwenda likizo kwao, kijiji cha pili kutoka hapo. Mpe maji na chakula, atakuwa amekaa kwenye basi tangu alfajiri.

Naanza na jambo lililokuuma zaidi. Saa.

Siku ile makaburini, udongo wa kwanza ulipoingia, ni kweli niliangalia saa. Uliniona, na mimi nikaona kwamba umeniona. Jioni ukasema mbele ya mama wadogo na majirani, "Mama anafukiwa, mwanawe wa kiume anaangalia saa. Ana basi la kuwahi." Wote wakanigeukia. Nikaenda kupasua kuni.

Dada, ile ni saa, lakini kuonyesha wakati ndiyo kazi yake ndogo kuliko zote. Ni ya kampuni. Sisi madereva wa malori makubwa tunavishwa, tunakaa nayo mchana na usiku, hata tukioga. Inahesabu nimelala kwa muda gani na nimegeuka mara ngapi. Ukiivua, kesho yake geti halifunguki kwako na lori haliwaki. Kwa hiyo nilikuja nayo msibani. Inausikiliza na moyo pia. Moyo ukienda mbio, inatikisa mkono, kisha inaandika: "Mapigo yamepanda. Keti upumzike."

Ndilo lililotokea. Baba mdogo alipotupa ule udongo, nikasikia umegonga mbao, saa ikanitikisa. Nikainamisha macho bila kufikiri, kama mtu aliyeguswa bega. Ikaniambia niketi nipumzike, nimesimama kwenye kaburi la mama yangu.

Nilitaka kukueleza jioni ile ile. Nikaona aibu. Ningesema nini mbele za watu, kwamba aliyejua moyo wangu unakwendaje siku hiyo ni saa ya kampuni? Nikaona bora uamini nina haraka.

Nilipokuja huku nilidhani kompyuta ni ile ya mezani yenye kioo, iko ofisini, na wenye elimu ndio wanaikalia. Kumbe ile ni ya zamani. Huku huwezi kunyoosha kidole ukasema kompyuta ndiyo hii. Imo ndani ya kofia ngumu, ndani ya kiti, ndani ya gurudumu. Gurudumu likipungua upepo linawaita mafundi lenyewe kabla mimi dereva sijahisi. Mlango wa chumba changu unanijua. Asubuhi hakuna anayeniuliza nimelalaje, wanasoma kwenye orodha. Unakumbuka mama ukimwamkia asubuhi "Mwangaluka mayu" hakuitikia tu akaacha. Lazima aulize umelalaje, umeota nini, na kama lile jino limeacha kuuma. Huku nina mwaka wa tatu, na anayejua usingizi wangu ni kitu kilichofungwa kwenye mkono.

Na ndani ya lori, mbele ya usukani, kuna kingine. Ni kidogo kama kiberiti, cheusi, kina kijicho cha kioo. Kinatazama macho ya dereva. Ukifumba kwa sekunde tatu, kiti kinakutikisa makalio na king'ora kinalia, na picha yako inakwenda chumba cha kompyuta, huko dada mmoja anakusemesha kwenye redio. Wiki ya kwanza tuliona haya, wengine wakakibandika plasta, wakapewa onyo. Madereva wakakiita Mkwe. Kwa sababu mbele ya mkwe hukai hovyo, hupigi miayo, husinzii. Ukipanda kubadilishana zamu, mwenzako anakuambia, "Kaa vizuri, Mkwe yumo." Tulicheka miezi miwili, halafu tukamsahau. Ukiniuliza sasa hivi kina rangi gani kwa pembeni, siwezi kukuambia. Nimekaa nacho uso kwa uso zaidi ya nilivyokaa na mke wangu, Mama Limi.

Sisemi hakina faida. Mwaka jana kilimwamsha Shija akiwa ukingoni mwa shimo na mzigo wa mawe, na chini kulikuwa na watu. Ni haki yake kukipenda. Muulize akifika, atakusimulia mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye lile ninalotaka ulijue.

Asubuhi niliyoondoka, ulinipa mfuko bila kunitazama. Ulisema, "Chukua vyako. Alivikausha mwenyewe, alisema ni vya Masanja." Ni matobolwa, vile viazi vyake vya kuchemsha na kuanika. Nilikaa na mfuko ule siku tisa sijaufungua. Ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa kitenge chake cha njano, fundo lake lile la kukaza mara mbili, ambalo wewe na mimi tulikuwa tunalifungua kwa meno akienda shambani.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne. Nilikuwa zamu ya mchana, nikaupakia kwenye lori. Saa nne asubuhi tulikuwa kwenye foleni kungoja kupakiwa mawe, mbele yangu malori mawili. Nikalifungua lile fundo kwa meno. Nikachukua kipande.

Dada, unajua vipande vya mama. Vilikuwa sawasawa vyote kama vimepimwa, jirani akiviona vimeanikwa juu ya mwamba anajua hivi ni vya nani. Hivi havikuwa hivyo. Vilikuwa vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine, vingine vimekatika. Nikaelewa kwamba mkono ulikuwa umeshaanza kumtetemeka, na hakusema, na bado alikaa akakata mfuko mzima. Wewe ulikuwa hapo ukiuona mkono huo kila siku. Mimi nimeuona kwenye kiazi.

Nikapakiwa mzigo, nikaanza kupanda. Kilio kikaja chenyewe. Hakikuwa cha sauti. Macho yalijaa, nikayabana yatoke ili nione njia, yakajaa tena. Kiti kikanitikisa. King'ora kikalia. Dada wa kompyuta akaingia kwenye redio.

"Namba kumi na saba, amka kaka."

"Niko macho," nikamjibu.

"Mkwe anasema umelala."

Redio ile wanaisikia madereva wote. Mmoja akadakia, "Kumi na saba! Saa nne asubuhi tayari? Mama Limi alikuja kutembea nini?" Mwingine akasema, "Mwacheni, anamwota mkwe wake." Wakacheka. Hawakuwa wabaya, hawakujua. Nami ningekuwa kwenye lori jingine ningecheka.

Mara ya pili ikawa kwenye kona ya juu, mara ya tatu nikimwaga mawe. Baada ya hapo niliegesha pembeni, nikavuta breki, nikazima. Nikakaa na mfuko mapajani mpaka gari la msimamizi likaja kunichukua.

Ofisi yao ni kontena lenye kiyoyozi. Alikuwepo Hamisi, msimamizi wetu, mtu mzima wa Tabora, mpole. Na kijana wa usalama mwenye kishikwambi, mwenye adabu zake.

"Pole tena na msiba, Masanja," Hamisi akasema. "Keti."

Yule kijana akanionyesha picha. Ni mimi, lakini picha ile haina rangi, inapigwa kwa mwanga usioonekana kwa macho ya mtu. Uso umekuwa kama wa majivu. Macho yamefumbwa, mdomo umelegea. Nikamwambia, "Nilikuwa nalia." Akaiangalia tena kwa makini, akaikuza mpaka jicho langu likajaa kioo kizima.

"Mzee, machozi hayaonekani hapa."

"Yalikuwepo."

"Siwezi kukubishia. Ila mashine imefundishwa kwa sura za watu wengi sana. Inajua mtu anayesinzia."

"Katika hao wengi, walikuwepo waliofiwa?"

Akairudisha picha iwe ndogo. Kisha akasema kweli, "Hilo sijui."

Nilimkumbuka mama pale, dada. Wewe ulikuwa ukijifanya umelala usitumwe maji, anasimama mlangoni anasema, "Huyu hajalala, huyu anasikiliza." Na mimi usiku ule baba aliponichapa kwa ajili ya ndama aliyepotea, nililia chini ya shuka bila kutoa pumzi, chumba kina giza. Alikuja akaketi kwenye kitanda, akaweka mkono, akasema, "Lia basi kwa sauti, utavimba kichwa." Hakuwasha hata kibatari.

Kijana akanipa kishikwambi nijaze sababu mwenyewe, kwamba ndio utaratibu, mfanyakazi anachagua. Yalikuwepo maneno matano: usingizi, simu, sigara, kuangalia pembeni, mengineyo. Nikatafuta juu na chini.

"Kulia hakumo," nikasema.

Hamisi akasogeza kiti. "Sikiliza, ndugu yangu. Chagua usingizi. Usingizi una adhabu inayojulikana, onyo na siku tatu chini bila lori, unarudi kazini. Ukiweka mengineyo inakwenda kwa daktari, na daktari akishaandika hufai kuendesha, lori lako anapewa mwingine. Nimeona wawili. Sikuombi useme uongo. Nakuambia njia inapopita."

Niliwaza watoto wangu wako Nyahanga shuleni. Niliwaza dawa za mama zilivyokuwa zinapatikana kwa mshahara huu, unajua. Nikabonyeza usingizi. Kidole kilikuwa na jasho, haikukubali. Yule kijana akafuta kioo kwa mkono wa shati lake, akanirudishia. Nikabonyeza mara ya pili. Ikatokea: "Asante, Masanja. Hakikisha unapata usingizi wa kutosha."

Hizo siku tatu nilikaa chumbani. Saa yangu ikaandika, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwamba sijalala. Kwa hiyo mgodini kuna orodha inayosema Masanja alilala mchana barabarani, na nyingine inayosema Masanja halali. Hakuna aliyeziweka mbili hizo pamoja akashangaa.

Niliporudi niliomba ruhusa ya kuja kumaliza msiba, tunyolewe pamoja. Tunaomba kwenye simu siku hizi. Nikaandika msiba, nikaandika mama mzazi. Jibu likaja kabla sijaiweka simu mezani: "Umeshatumia likizo ya msiba kwa ndugu huyu." Nikajaribu kubadilishana zamu na Shija, yeye alikubali, simu ikakataa. Mwenye onyo la usingizi habadilishi zamu kwa miezi mitatu. Sikulijua hilo nilipobonyeza. Ningelijua, dada, sijui ningefanya nini. Sitaki kukudanganya kwamba ningefanya vingine.

Nikarudi kwa Hamisi. Nikamwambia nataka ile fomu ibadilishwe.

"Ibadilishwe nini?"

"Niandikwe nilikuwa nalia. Hata wakinipeleka kwa daktari."

Akavua miwani. "Masanja, fomu ikishatumwa haipo hapa."

"Iko wapi, niende?"

Akanyoosha mkono juu, kisha akauelekeza ukutani, kisha akauacha uanguke. "Wallahi hata mimi sijui iko wapi."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na unajua mimi si mtu wa hasira. Ingekuwa ni mtu kasema nimelala, ningemfuata nyumbani kwake, tungebishana, ningemwita mama yake shahidi, tungeamuliwa. Hiki hakina mlango. Kimo kila mahali na hakuna pa kukipigia hodi.

Unaweza kusema, acha kazi uje. Nimelala nalo wazo hilo na kuamka nalo. Nikiacha, mwezi ujao watoto wanarudishwa nyumbani, nawe unajua kwamba hata shamba la mama halitoshi kwa nyumba mbili. Kwa hiyo sitakuwepo siku ya kumaliza msiba. Naliandika waziwazi ili usingoje basi la jioni ukinitazamia. Na kilio hakijaisha, kinanijia karibu kila siku kwenye ule mlima. Ila nimejifunza. Sifumbi. Naacha yatoke macho yakiwa wazi, yanashuka mpaka kwenye kola, njia naiona kama kupitia maji, kiti kimetulia. Mkwe ananitazama anaona mzima. Wiki hii msimamizi kanisifu.

Sasa ile sababu ya karatasi. Kwa kuwa kule haiwezekani kuandikwa, naandika hapa, na ninakuomba uisome mbele ya watu siku hiyo, mbele ya wale wale waliosikia habari ya saa. Uisome wewe, si mwingine:

Mimi Masanja, mtoto wa mwisho wa marehemu, Jumanne ile saa nne asubuhi sikulala. Nilikuwa namlilia mama yangu. Nilisema nimelala kwa kuogopa kukosa kazi, na uongo huo ndio ulionizuia kufika hapa leo. Naomba radhi kwa mama, na kwa dada yangu Kabula aliyemuuguza peke yake.

Ukiona moyo haukubali kuisoma, usiisome. Ila usiichane. Iweke kwenye sanduku lake pamoja na kadi yake ya kliniki na vitenge, ili iwepo mahali.

Unisalimie baba mdogo, umwambie namshukuru kwa kusimamia kaburi wakati mimi nimesimama tu. Mama wadogo wote wawili, waambie sina kinyongo kwa vile walivyonitazama. Mume wako, shemeji yangu, mwambie jembe la kukokotwa na ng'ombe nimelipata bei nzuri hapa Runzewe, nitalituma. Watoto wako uwape mkono mmoja mmoja. Mama Limi atakuja kutoka Nyahanga na wanangu kwa niaba yangu. Mpe nafasi ya kulala karibu nawe, hana mazoea ya wengi. Limi atanyolewa kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Mwanzoni atakataa, anapenda nywele zake. Mshike kichwa taratibu, umwambie baba yake kaomba.

Ni mimi mdogo wako,
Masanja.